Karani Alipokataa Kushuka

Mjomba,

Ulinifundisha kwamba ndege akipotea, mwanafunzi wa kuwinda kwa mwewe anamwambia msimamizi wake kabla hajamwambia mtu mwingine. Basi nakuambia, ingawa nimechelewa miezi mitatu. Karani, mwewe wako, alinipotea siku ya tatu ya msiba wako, na kosa ni langu.

Nitaeleza kwa mpangilio, kama tunavyoeleza kazini. Pale ghalani Shakopee kazi yangu ni kutafuta mizigo iliyopotea, na swali la kwanza huwa ni nani aliyeushika mzigo mwisho. Aliyemshika Karani mwisho ni mimi.

Nyumba yako ya Columbia Heights ilijaa kuliko siku ya ubatizo wa binti yako Neema. Viatu vilitoka mlangoni vikafika kwenye theluji. Kina mama wa kanisani waliteka jiko, sufuria zikapangwa mpaka juu ya mashine ya kufulia, na ile mizani yako ya kumpimia Karani nikaikuta inapima mchele. Sikuiondoa. Niliona aibu kumwambia mtu aliyeomba ruhusa kazini aje kutupikia kwamba hiyo ni mizani ya mwewe.

Kwao mwewe ni mwizi wa vifaranga, basi. Walikutania miaka yote: mtu katoka Same, kasoma mpaka huku, halafu anafuga mwizi. Lakini walipochungulia banda la nyuma wakamwona alivyo mwembamba, huruma iliwashika. Nyumba yenye msiba hakai mtu na njaa, hata awe mwizi. Mama Upendo alimpitishia vipande vya nyama ya ng'ombe kwenye wavu, asubuhi na jioni, siku zote tatu. Mbichi, bila chumvi. Alikuwa amefikiria mpaka hapo. Hakumwambia mtu, kwa sababu mtu hatangazi aliowalisha msibani.

Siku ya tatu mchana nilishindwa kukaa ndani. Kila aliyeingia alinishika mkono na kuniambia nijikaze, na mimi nilikuwa nimeshajikaza mpaka nimeishiwa. Nikamchukua Karani, nikaendesha hadi lile shamba la nyuma ya Coon Rapids ulikonipeleka mara ya kwanza. Sikumpima kujua kama ameshiba, maana aliyeshiba harudi mkononi. Miaka miwili umenisalimia kwa maneno yale yale, "Umepima kwanza?", kabla hata ya kuniuliza habari za asubuhi, na siku moja tu usipokuwepo nikatoka bila kupima.

Na kile kitransmita cha mguuni, cha kuonyesha alipo, sikumfunga. Kilikuwa mfukoni mwa koti lako, koti limening'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na sikuweza kutia mkono mule.

Alipanda kwenye mti mkubwa usio na majani. Nikainua glavu na nyama juu yake, nikapiga mluzi wangu ule mbovu unaoujua. Akanitazama vile anavyotazama kila mtu, kama nimeleta fomu isiyojazwa. Ndiyo maana ulimwita Karani. Uliniambia tangu mwanzo: "Usijidanganye, huyu hatupendi. Yeye ana njaa na sisi tuna nyama." Na njaa hakuwa nayo. Akaruka juu ya barabara, juu ya mapaa, akaenda zake. Msibani nilikuwa sijatoa hata chozi. Nililia kwenye gari, Mjomba, kwa sauti, mpaka kioo kikaingia ukungu.

Kilichonitisha si kwamba angekufa njaa. Huyu alizaliwa porini na kuwinda anajua. Zilinitisha zile kamba za ngozi miguuni. Zikinasa kwenye tawi, ndege ananing'inia kichwa chini mpaka anakufa, na hakuna anayejua. Niliwaza kwamba mimi ndiye niliyezifunga, kwa fundo ulilonifundisha wewe, fundo lisilofunguka.

Nilipiga simu ofisi ya wanyamapori ya jimbo siku iliyofuata. Nilitegemea kufokewa. Dada aliyepokea alinipa pole, kisha akanisomea sheria polepole kama mtu anayesoma karatasi ya dawa. Kwamba ndege mwenye kamba miguuni hajawa wa porini, bado ni wa mwenyewe, na anaweza kukamatwa wakati wowote, msimu wa kutega uwe wazi au umefungwa. Kwamba mwenye leseni akimkamata ana siku tano za kazi kutoa taarifa, na sharti amrudishe kwa mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe tunamzika Jumamosi. Akasema basi aliye na neno sasa ni mjane: ana siku tisini tangu kifo kumhamishia ndege mtu mwenye leseni, na zikipita, wao ndio wataamua. Na mimi, kwa kuwa leseni yangu ni ya mwanafunzi na msimamizi wangu amefariki, nitafute sahihi ya msimamizi mwingine. Alilisema hilo la mwisho kwa upole sana, na ndilo lililoniuma kuliko yote.

Tulikuzika. Kwaya iliimba vizuri. Mama Upendo alikuja kwangu makaburini, akanong'ona kwamba yule ndege wa marehemu angalau hakukaa na njaa, yeye mwenyewe amehakikisha. Hapo ndipo nikaelewa. Nikamwambia asante, mama. Hata leo hajui, na usije ukamwambia huko mtakakoonana.

Siku ya kumi na moja tangu apotee nilisikia kunguru wakipiga kelele nyuma ya nyumba moja huko huko Coon Rapids, nikajua wanamzomea nani. Alikuwa juu ya mti, ndani ya uwanja wa mtu. Kamba moja ilikuwa imezunguka kijiti kikavu, nusu imenasa. Chini kulikuwa na banda la kuku. Leseni haimpi mtu ruhusa ya kuingia kwa watu, hilo uliniimbia mpaka likanichosha, na mwenye nyumba hakuwepo. Basi nikasimama barabarani, namwona, nyama mkononi, na uzio wa mbao unaonifika kiunoni uko mbele yangu. Nilipiga mluzi mpaka midomo ikapasuka kwa baridi. Aligeuza kichwa mara moja tu.

Nikampigia Neema amlete mama yake, kwa sababu ya sheria: ndege ni wake sasa, na nilitaka awepo. Unajua mkeo na yule ndege. Miaka yote analalamika kuhusu panya wako wa kulishia ndege walioko kwenye friza pamoja na samaki wake. Alishuka kwenye gari na khanga ya msiba juu ya koti la baridi. Mwenye nyumba alirudi kutoka kazini jua likiwa linashuka. Neema akamweleza, yule bwana akatusikiliza hadi mwisho, akasema tuingie ila tusimtishie kuku.

Nikasimama chini ya mti, nikainua glavu. Mluzi haukutoka kabisa. Ndipo nikausikia nyuma yangu, mluzi wako, Mjomba, ule wa sauti mbili na ya tatu inayopanda juu. Nilishindwa kugeuka mara moja. Alikuwa ni Mama Neema. Huyo huyo aliyemkataza Neema tangu utotoni, kwamba kwao mwanamke hapigi mluzi, ni adabu mbaya. Amekusikia kwenye dirisha la jiko kila jioni, na kumbe alikuwa ameushika wote. Karani alivuta mguu, kijiti kikakatika, akashuka moja kwa moja mkononi kwangu na kijiti chake. Neema, ambaye siku zote ananijibu Kiingereza, alisema "Mama!".

Nilimpima usiku huo huo. Gramu elfu moja na arobaini. Nilitoa taarifa kesho yake.

Likabaki suala la zile siku tisini. Ningeweza kumchukua mimi. Mzee mmoja mfugaji wa upande wa Shakopee alikuwa tayari kunisimamia. Nilimtaka, sikufichi. Lakini nilimwambia Mama Neema ukweli, kwamba ulipomtega ulisema utakaa naye misimu miwili, wa tatu atarudi alikotoka. Na huu ulikuwa wa pili unakwisha. Aliuliza mara mbili kama nina uhakika ulisema hivyo. Ofisi haikupinga aachiwe. Wakasema tu vifaa vyote vitoke miguuni.

Fomu ile unaijua ilivyo. Inataka useme ndege ameondokaje: amekufa, amepotea, ameachiwa. Mama Neema alivaa miwani yako akazisoma zote tatu. Akaniuliza kama kwa watu nao kuna karatasi ya namna hii. Nikasema sijui. Akaweka alama kwenye "ameachiwa" na kutia sahihi, akanirudishia kalamu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda lile shamba. Theluji imekwisha, matope matupu. Nilikuwa nimemlisha akashiba, safari hii kwa makusudi. Nikakata kamba ya kushoto, nikakata ya kulia, nikafungua mkono. Hakuondoka upesi. Alipanda kwenye mti ule ule, akakaa anatutazama, na mimi nikawa nasubiri kama mjinga, sijui nasubiri nini. Nikamgeukia Mama Neema. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, ameukaza. Nikadhani analia. Nikamwambia, lia tu mama. Akatikisa kichwa, akasema ndani ya viganja vyake, "Nikiachia, nitapiga mluzi."

Tulikaa hivyo mpaka Karani alipoondoka.

Koti lako nimepewa mimi. Nimetia mkono mfukoni, nimetoa kitransmita, nimekichaji. Vuli nitatega ndege wangu wa kwanza, na yule mzee atatia sahihi pale ulipokuwa unatia wewe. Mama Neema amesema atanifundisha mluzi, mlango ukiwa umefungwa.

Lala salama, Mjomba. Nitapima kwanza.

Mpwa wako,
Eliaika