Chifu Afuta Mji, Fundi Atukanwa

Ndugu yangu, hili ni kweli tupu. Nikiongopa, simu hii iniungulie mkononi.

Yule mzee niliyekusimulia habari zake, mwenye seva ya gemu, kompyuta inayowakutanisha watu mtandaoni wacheze pamoja, wachezaji wanamwita Chifu. Leo kaingia mwenyewe kwenye mitambo asiyoijua, kafuta mji mzima walioujenga watu ndani ya gemu. Nyumba, masoko, vyote.

Halafu kashika maiki. Sikia alivyosema: "Poleni wanangu, ni yule fundi ninayemlipa. Kalewa."

Kalewa, kasema.

Fundi mwenyewe ni mkwe wake, na muda huo yuko hospitali anang'olewa jino. Wachezaji wakamtukana mpaka basi. Mteja mwingine wa huyo fundi alikuwa humo anasikiliza, akamwachisha kazi papo hapo. Chifu anachekelea tu.

Mara binti yake huyo mlangoni, akainamia maiki ile ile: "Baba, mume wangu nimemwacha kwa daktari sasa hivi. Waambie nani kafuta."

Seva nzima ikasikia.

Haya, Chifu ni mimi. Usicheke. Yule mteja nimempigia, hataki kusikia. Mshahara alioupoteza mkwe utatoka kwenye pensheni yangu, binti kashachukua kadi ya benki. Na nimetumwa nikamchukue hospitali, nimweleze mwenyewe njiani.