Nyumbu Aliowaona Wifi

Dada Ester,

Shikamoo dada. Goti linasemaje? Na yule mtetea wako mkorofi bado anatagia kitandani? Huku Akheri mvua imeshika, matope mpaka jikoni, ila tu wazima. Mimi mwili mzima, roho ndiyo ilichafuka. Kaa nikuambie.

Si unamjua wifi Mama Upendo, dada wa mume wangu, tunayepakana naye uzio? Kikundi cha akina mama kilikwenda Serengeti kuangalia nyumbu wanavyohama. Sisi tunaochota maji bomba moja tukapewa kiti kimoja, na tunaotaka ni mimi na yeye. Tukapiga kura kwa maharage. Jekundu ndiyo safari. Mimi nikatoa jeupe. Dada, alivyopiga vigelegele! Akaniachia na ng'ombe wake nimkamulie siku tatu.

Aliporudi sasa! Unanijua, pale bombani habari natoa mimi. Nafika na ndoo, nina habari moto ya mchumba wa binti wa mwinjilisti, hakuna anayegeuka. Wote, "Mama Upendo, na mamba je?"

"Weee! Nyumbu kama siafu, wanajitupa mtoni, mamba akakamata mmoja hivi!" Kisha akanitazama. "Pole wifi, wewe ulibaki na maziwa."

Wivu ukanipanda. Nikaenda sokoni nikasema, "Huyo? Alifumba macho mwanzo mpaka mwisho, hakuona hata mkia." Nimetunga papo hapo. Watu wakacheka, wakamwita Mama Mfumbamacho.

Nilifurahi siku moja tu. Wifi akaacha kunisalimu, akaziba kwa miiba ile njia yetu ya kwenye uzio. Hakuna wa kuniomba chumvi, hakuna wa kucheka naye. Ndipo nikajua, huku ugenini dada yangu ni yeye.

Mama mkwe akaniambia, "Kata jani la isale umpelekee, uombe msamaha. Kwetu hapa aliyeleta isale hakataliwi. Na jambo likishasamehewa halitajwi tena."

Asubuhi nikasimama mlangoni kwake, jani mikononi, nikasema, "Nisamehe wifi." Akalipokea. Akakaa chini, akacheka mpaka machozi.

"Wifi, nani alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kwamba nilifumba macho. Mamba alivyoinuka tu, nikajifunika kanga mpaka gari likaondoka. Wenzangu wamesimama wanatazama mto, hakuna aliyeniona. Hayo ninayosimulia niliyasikia kwao njiani."

Dada! Habari kubwa kuliko zote ninayo mimi, na isale nimeshatoa. Nikifika bombani nauma ulimi. Wao bado wanamuuliza habari za mamba, na yeye anaendelea kuwaeleza huku ananikonyeza! Na wivu wala haujaisha. Kiti kile kingekuwa changu ningefumbua macho yote mawili, hata hili la kushoto lenye mtoto wa jicho.

Njia ya uzio ameifungua. Jana kaja kuomba chumvi.

Nisalimie mama, mwambie kitenge kimefika. Salamu kwa mjomba wa kwenye mashine ya kusaga. Shemeji naye msalimie, ila barua usimsomee. Mdomo wake naujua, ni kama wangu.

Mdogo wako, ninayekaribia kupasuka,
Naomi