Sihami Dagoretti Corner

Jumapili jioni. Jua la leo limekuwa kali mpaka lami ya Ngong Road inanuka, na hapa kwetu ghorofa ya juu ukigusa ukuta unarudisha mkono haraka. Feni inazunguka lakini inachonipa ni joto lile lile, limezungushwa tu. Nimekaa kibarazani na fulana, miguu ndani ya beseni la maji, na nina furaha kama mtu aliyeshinda kesi.

Kwa sababu nimeshinda.

Wacha nianze na habari ya homa. Wiki hii yote ploti yetu imeingiwa na wazimu. Mtu akipiga chafya chini, milango inafungwa mpaka juu. Watu wanafungua bomba kwa kiwiko. Keateka, mtunza ploti, amemwaga dawa kwa ngazi mpaka macho yanawasha, halafu watu wakitoa machozi wanaambiana hiyo ndiyo homa yenyewe. Mkubwa wao ni Mama Zuhura, mlango wake unatazamana na wangu, mtu wa Mombasa, mwenyekiti wa wapangaji. Zamani alikuwa ananiletea mahamri kwa sahani. Siku hizi anasimama mbali na barakoa mbili, moja juu ya nyingine.

"Shikamoo Baba Nekesa. Itikia, lakini usisogee."

Ndiye alitoa sheria kwa grupu ya simu: anayekohoa au kupiga chafya asivuke mlango mpaka apone. Sheria yenyewe aliitunga kwa ajili yangu, kwa sababu nilikohoa kwa ngazi. Mimi kikohozi changu ni cha simiti. Nimekuwa fundi wa mawe maisha yangu yote, simiti iliyo kwa kifua changu inatosha kujenga choo. Nimekohoa tangu watoto wangu wakiwa wadogo na hakuna hata mmoja niliyemwambukiza simiti. Lakini nani atanisikiza? Mama Zuhura akampigia simu binti yangu Nekesa huko Lavington, mtaa wa matajiri, kwamba baba yako anaugua, yuko peke yake, joto litammaliza.

Hapo ndipo taabu ilianza.

Nekesa akasema nihamie kwake. Si kutembea, kuhamia. Kuna chumba, kuna miti, kuna kivuli, kuna mtu wa kupika. Nikamwambia kwetu mzee halali nyumbani kwa mkwe wake. Mume wake namheshimu, naye ananiheshimu, na heshima hiyo tumeitunza kwa kutoonana sana. Nikienda pale nakunywa chai karibu na mlango, kofia mkononi, na jua halijatua nimeondoka. Sasa nioge kwa bafu lake? Nikutane naye asubuhi nimevaa kaptura?

"Baba, hayo ni mambo ya zamani."

"Hata mimi ni wa zamani."

Nilimjibu vizuri hapo.

Lakini wacha niseme yote. Mila ni kweli, ila si mila peke yake. Kuta nyingi za Lavington nimezijenga kwa mikono hii, na sijaona hata moja imepata ufa. Mwenye nyumba alikuwa anasema inua, fundi, inua, mpaka nisimwone jirani. Nami nikainua. Najua vile kuko kimya nyuma ya hizo kuta. Hapa nikikohoa ploti nzima inanuna. Kule nikikohoa, nani atanuna?

Niliogopa. Nimesema.

Jana akaja mwenyewe na gari. Hakuuliza kitu. Alifungua sanduku akaanza kupanga nguo zangu. Akatoa koti langu la kanisani kwa msumari nyuma ya mlango, koti ambalo mama yake ndiye alilitengea mahali hapo, akalikunja, akaliweka juu ya zingine. Msumari ukabaki mtupu. Mimi, mtu ambaye nimegombana na makontrakta wakubwa wakubwa mpaka wakaniita mzee kwa hiari yao, niliinama nikatafuta soksi chini ya kitanda. Nikavaa viatu.

Tukatoka, yeye mbele na sanduku. Hata hajafika ngazi, akapiga chafya. Halafu nyingine. Halafu akakohoa, kikohozi kibichi, si kama changu.

Mlango wa Mama Zuhura ukafunguka.

"Mwanangu, rudi ndani."

"Mama, ni vumbi tu."

"Na babako alisema ni simiti. Rudi. Mwenye chafya havuki mlango."

"Lakini mimi siishi hapa. Naenda kwangu Lavington."

"Sheria haina Lavington. Utashika chuma cha ngazi, utapumulia kila mlango mpaka chini. Rudi kwa babako."

Sijawahi kumpenda Mama Zuhura kama nilivyompenda jana. Nekesa akanitazama ili nimtetee. Nikamwambia sheria ni sheria.

Akampigia mume wake. Mkwe wangu ni mtu mwenye akili: akasema afadhali akae huko kwanza, asiwaambukize watoto. Basi tukarudi ndani na sanduku letu.

Nikamgusa paji la uso, moto. Na usoni nikaona uchovu ambao si wa homa peke yake. Hapo nikashika usukani. Nikachemsha majani yangu ya mkaratusi. Mama Zuhura akaleta mwarobaini, akauweka chini, akagonga mlango, akakimbia. Nekesa akajifunika blanketi juu ya sufuria, kwa joto hili la kuua, nami nikakaa kibarazani nimempa mgongo, nikimsimamia kwa sauti.

"Baba, nakufa humu."

"Hufi. Usitoe kichwa."

Nyumba ikawa tanuri. Alitoka amelowa chapachapa, akanywa uji wa wimbi, akalala kwa kitanda changu mpaka leo watu wa kanisa wakapita wakiimba. Mimi nililala kwa kiti. Mgongo unauma, lakini sikumwambia na sitamwambia.

Leo pua yake imefunguka. Ameshinda kwa stuli hapo mlangoni, Mama Zuhura naye kwa mlango wake, wanacheka kupitia barakoa, wananisema. Eti mimi nikikoroma hata mbu wanahama. Baadaye Nekesa akaniambia, bila kunitazama, kwamba kwake siku nzima inaweza kuisha hajasikia sauti ya jirani.

 Ningesema nini, na kuta za huko nilizijenga mimi?

Halafu akainuka, akafungua sanduku, akatoa koti, akalikung'uta, akalitundika kwa msumari wake.  Nami nikachukua beseni la maji, nikatoka kibarazani.

Akipona ataenda kwake. Amesema atakuwa anakuja Jumamosi, awe na chafya au asiwe nayo. Je, nimwambie siku moja kwamba niliogopa? Labda. Lakini kwanza nitakohoa kidogo hapa mlangoni, Mama Zuhura asije akasahau anakaa na nani.

Kesho jua lije na moto wake wote. Litanikuta hapa hapa.