Mtu wa Kunibonyezea Kinanda

Kiomboi,
14 Oktoba 2023

Mwanangu Eliana,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini hujambo huko Ujerumani na kwamba umeanza kula vizuri, maana kwenye picha uliyotuma mashavu yameisha. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto lina malalamiko yake ya kila siku, nimelizoea. Shangazi yako Marietha bado yuko hapa tangu tumzike mama yako. Anapika, ananifokea, tunaishi. Barua nimeandika kwa mkono kama unavyonijua, Enock wa stationari ataipiga picha akutumie kwenye simu.

Nina jambo. Wazee wa usharika wamekaa wakasema kinanda chetu cha mabomba kimechakaa. Kweli kimechakaa, sibishi. Upepo wa Septemba umekausha mbao, nyigu wamejenga udongo kwenye mabomba, sauti nyingine zinalia kama mbuzi aliyefungiwa. Wanataka kuking'oa, pale waweke kinanda cha umeme na spika. Nimewaomba wanipe hadi Pasaka. Kikiwa kimekaa sawa Jumapili ya Pasaka, kitabaki. Kisipokaa, wanang'oa.

Sasa unajua kazi yenyewe. Mmoja akae chini abonyeze sauti moja bila kuachia, mwingine awe juu ndani ya kabati, katikati ya mabomba, agonge kile kipete cha bati kilichovishwa kwenye bomba polepole mpaka sauti itulie. Wa chini akiachia, wa juu hana anachosikia. Miaka yote alikuwa mama yako anayebonyeza. Sasa sina mtu. Amosi wa kwaya nilimjaribu, simu ikiita anaondoka, na mvua zikianza wote wataenda mashambani.

Njoo Krismasi. Wiki mbili zinatutosha.

Baba yako,
Naftali

*

29 Oktoba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na shangazi mpe shikamoo yake. Mimi mzima, isipokuwa jua limeshaanza kupungua na huku hakuna mtu wa kunipikia ugali wala wa kunifokea, kwa hiyo mwambie shangazi naona wivu.

Baba, Krismasi haiwezekani. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mpiga kinanda hana sikukuu. Majilio yote nina ibada na matamasha, mkesha wa Krismasi ibada tatu mfululizo, na mkataba wangu unasema wazi siruhusiwi kukosa. Watu wengine wakienda kwao ndipo sisi tunapokaa kwenye benchi. Sikuwahi kukuona wewe Krismasi umekaa na sisi kabla ya saa nane mchana, si ndiyo?

Nitakuja Januari, sikukuu zikiisha. Nakuahidi. Tutakisafisha hicho kinanda mpaka nyigu wahame wilaya.

Mwanao,
Eliana

*

21 Januari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti, na pole kwa kunisubiri. Shangazi ameniandikia kwamba ulipaka chokaa chumba changu. Nimeisoma mara nyingi hiyo.

Mwenzangu tunayepokezana naye ameugua, na baridi hii ndiyo inayoondoa wazee. Kila wiki napiga kwenye mazishi ya watu nisiowajua hata majina. Nimeomba ruhusa, wamekataa. Nimeomba tena, wakasema baada ya Pasaka.

Lakini sikukuacha hivi hivi. Kuna mchungaji wa huku anakuja kutembelea sharika za huko kwetu Iramba, nimempa kifurushi. Ndani kuna vipande vya chuma vizito, vimevishwa ngozi chini. Unakiweka kimoja juu ya kibonyezo, kinakibana, sauti inalia yenyewe bila mtu. Huku fundi akiwa peke yake hufanya hivyo. Kwa hiyo hata bila mimi kazi itaendelea, na Pasaka haitakukuta mikono mitupu.

Usinikasirikie.

Mwanao,
Eliana

*

Kiomboi,
18 Februari 2024

Mwanangu Eliana,

Salamu nyingi. Hatujambo, mahindi yamestawi, alizeti za watu wa bondeni zimeanza kutoa maua. Nawe natumaini hujambo na mwenzako amepona.

Kifurushi nimekipata. Mchungaji wako ni mtu mzuri, amekula mlenda akaomba tena. Nikafungua mbele ya shangazi yako. Nilimwomba Mungu mtoto, akaniletea vyuma. Shangazi yako kacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka.

Vinafanya kazi, siwezi kusema uongo. Naweka chuma, napanda ngazi, nagonga, nashuka, nahamisha chuma, napanda tena. Safu ya mbele imekaa. Kwenye bomba kubwa la mbao nilikuta nyuki wameweka masega, tukawafukiza, tukapata asali ya kutosha kumpelekea mchungaji wetu na mkewe. Kwa hiyo wazee wajue kinanda cha umeme hakitoi asali.

Safu za nyuma ndizo zenye kazi, maana kule ubao wa kukanyagia ni mwembamba na giza ni jingi. Taratibu tu. Pasaka bado ipo mbele.

Baba yako,
Naftali

*

25 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Nilidhani utavitumia vyuma ukiwa na mtu karibu. Baba, una miaka sabini na moja na goti bovu. Tafadhali usiende kule nyuma peke yako. Ule ubao ulikuwa unalia tangu mimi nasoma sekondari.

Nimekata tiketi. Pasaka ikipita tu, Jumanne jioni napanda ndege, Alhamisi niko Kiomboi. Waombe wazee wakuongezee wiki moja. Waambie mtoto wako yuko njiani, hawawezi kukataa.

Nijibu uniambie hupandi.

Mwanao,
Eliana

*

Hospitali, Kiomboi,
17 Machi 2024

Mwanangu Eliana,

Salamu. Shangazi yako ndiye anayeandika, mimi nasema tu nikiwa nimelala. Hati mbaya ni yake, maneno ni yangu. (Si kweli, hati yangu haina shida. Shangazi.)

Usishtuke. Nimeanguka. Ule ubao wa nyuma mchwa walikuwa wameula kwa ndani, juu ulionekana mzima. Nilikuwa nimebakiza safu moja. Mfupa wa nyonga umevunjika, na kifua kinabana kidogo nikikohoa. Shangazi yako alinisikia kwa sababu sauti moja ya kinanda ilikuwa inalia muda mrefu bila kunyamaza, akaona si kawaida, akaja.

Sikukujibu barua yako kwa sababu nilijua ungenizuia, na mimi nilikuwa sitaki kuzuiwa.

Acha nikuambie ukweli, maana hapa kitandani sina kazi nyingine. Mtu wa kunibonyezea hakukosekana. Shangazi yako alijitolea tangu Oktoba. Marehemu mama yako alimfundisha. Mchungaji naye alisema atakuja kila Jumatatu. Niliwakataa wote. Nilitaka uwe wewe. Niliona nikisema nina upweke hutakuja, lakini nikisema kinanda kitang'olewa, utakuja. Kinanda kilikuwa sababu tu, mwanangu. Wakikiweka cha umeme kesho, sitakufa kwa hilo.

Na jambo lingine ambalo sijamwambia mtu. Siku ya kumzika mama yako nilipiga mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Ibada nzima niliwapa mgongo yeye na ninyi. Walipolitoa jeneza nilikuwa bado napiga, kwa sababu watu walikuwa bado wanatoka. Nilipofika kaburini udongo ulikuwa umeshajaa. Nilimzika mke wangu kwa mgongo. Watu walisema mzee Naftali ana moyo mgumu, halii. Nililia nikiwa nimewageukia mabomba.

Sasa njoo tu. Usije kwa kazi. Njoo ukae hapa kwenye stuli, unitazame na mimi nikutazame.

Baba yako,
Naftali

*

18 Machi 2024

Baba,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Nimeenda kwa mchungaji wa huku asubuhi nikamwambia watafute mtu mwingine Pasaka hii. Akaniuliza mkataba je, nikamwambia afanye anavyotaka. Nimebadilisha tiketi. Naondoka Ijumaa jioni, na Jumapili ya Mitende nitakuwa nimekaa kwenye hiyo stuli.

Mimi ndiye niliyekupandisha kwenye ile ngazi, baba. Nilikutumia vyuma ili nisije mwenyewe, nikajiona nimekusaidia. Wewe hukusema una upweke, lakini mimi nilijua. Chumba kilichopakwa chokaa kilinieleza kila kitu, nikajifanya nimebanwa na kazi. Nina hasira na nafsi yangu na sijui niziweke wapi.

Usiseme sana, kifua kisichoke. Tutazungumza nikifika. Nimekununulia soksi za sufu, najua utasema huku ni joto.

Mwanao anayekuja,
Eliana

*

Kiomboi,
22 Machi 2024

Mwanangu Eliana,

Habari za huko. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Baba yako amelala. Anakusalimia sana.

Njoo tu salama, usihangaike na kununua chochote. Kule Singida usipande gari peke yako, binamu yako Stefano ametoka Iguguno na atakupokea stendi. Ukifika usipitie hospitali, njoo moja kwa moja nyumbani. Kula chakula kwenye ndege, ujitahidi kula.

Mungu akutangulie.

Shangazi yako,
Marietha

*

Uwanja wa ndege,
22 Machi 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata nikiwa nimekaa na mizigo, nasubiri kuitwa.

Shangazi, mimi nimezaliwa hapo. Najua kwetu msafiri haambiwi msiba akiwa njiani, anaambiwa njoo tu, ule vizuri, utapokelewa. Mama alipofariki uliniandikia maneno hayo hayo, na mimi nikawa wa kwanza kumwandikia Stefano hivyo hivyo babake alipoondoka. Umesema baba ananisalimia, hukusema amenisema nini. Baba hajawahi kunisalimia bila kunisema. Na Stefano hafungi duka lake siku ya mnada kwa ajili ya mtu aliyevunjika nyonga.

Basi usijitaabishe tena kunificha. Weka simu chini na wewe ulie. Mimi nimeshalia hapa, mama mmoja wa Kijerumani amenipa kitambaa bila kuniuliza kitu.

Nina ombi, na ulifikishe kwa mchungaji kama nilivyolisema. Najua watataka nipige mimi. Watasema ni heshima kwa mzee, mtoto amekuja kutoka mbali, nani mwingine apige. Waambie hapana. Na cha umeme wasikilete. Watu waimbe kwa midomo yao, wakikosea wakosee. Kinanda wakikiacha au wakiking'oa wiki inayofuata, mimi sina neno.

Mimi nitakaa chini kwenye mkeka pamoja na wewe. Nitamtazama usoni mpaka watakapofunika. Nitatembea nyuma ya jeneza, nitafika kaburini kabla ya udongo, na nitautupa kwa mkono wangu. Nimekwisha zika watu wengi sana wa watu nikiwa nimewapa mgongo.

Wanatuita kupanda. Nisubirini, shangazi, msizike.

Mwanao,
Eliana