Kitabu cha Papa Kisichopatikana

Kalemie, Jumatatu

Dada Sabrina,

Mama Salama wa maktaba ya chuo amesema leo kwamba kitabu kimoja nilichokitaja katika tasnifu yangu ya ualimu hakipo popote. Ni kile cha marehemu Papa, baba yetu, kuhusu kufundisha kwa lugha ya Kiholoholo. Akili bandia ilinipa jina la kitabu na mwaka wake, nami nikaamini haraka mno.

“Shaabani, mashine imemmalizia baba yako kitabu,” alicheka. “Lete daftari lake kama ushahidi, ama ufute jina lake kwenye tasnifu.”

Huku tu wazima, ni mvua tu. Nimerudi maktaba mara tatu leo. Fungua sanduku la Papa huko Moba. Aliandika daftarini kila jioni. Ukikuta kitu, kitume kwa boti ya Jumatano. Ninatetea tasnifu Ijumaa saa nne, na jina lake bado sijalifuta.

Mdogo wako,
Shaabani