Shangazi, Ghala Lako Bado ni Zahanati

Kwa heshima na taadhima, na kwa majonzi yasiyo na kifani, familia inautangazia ulimwengu kwamba leo mwaka umetimia tangu ulipotutoka, Shangazi, mama wa wanyonge, nguzo ya jamii, taa ya gizani. Nguzo na taa ni maneno ya Baba Mdogo. Sisi tulioishi nawe tunakumbuka zaidi ulivyokuwa ukifoka.

Ulikuwa mgumu, tuseme ukweli. Mapigano yalipoanza, wafadhili wa zahanati walipanda magari yao wakaondoka, wakakuachia maboksi ya dawa na fulana zenye nembo. Ukawahamishia wagonjwa kwenye ghala la marehemu Babu bila kumwomba mtu ruhusa. Kisha ukaanza kutupora. Shuka za Mama, wifi yako, ukazichana bendeji. Nilirudi likizo kutoka bweni nikakuta kitanda changu kiko ghalani, na mama nisiyemjua anajifungulia juu yake. Nilipolalamika ukasema nishukuru, sakafu haina kunguni.

Wala hatukuwa peke yetu tuliokuogopa. Yule kamanda aliyekuja na homa, bunduki begani, akitaka atibiwe kwanza, ulimwonyesha mwisho wa benchi, nyuma ya kichanga anayehara.

"Bunduki haina homa," ulimwambia. "Iache nje. Wewe kaa, subiri zamu, na usimkanyage mtoto."

Akakaa. Pembeni yake alikuwa mpiganaji wa upande wa pili, naye mikono mitupu, wakabanana pale wakitazamana kama paka na mbwa.

Halafu homa ikakupata wewe. Ukaendelea kuwaona wagonjwa ukiwa umeketi, kisha ukiwa umelala. Tulikusihi upumzike, ukatufukuza. Hilo hatujakusamehe.

Sasa habari za huku. Baba Mdogo, ndugu yako wa tumbo moja, amemwahidi mfanyabiashara wa saruji lile ghala. Kwenye kikao cha familia tulimuuliza wewe ungesemaje. "Asiyekuwapo na lake halipo," akajibu. Muuguzi uliyemfundisha, ambaye bado anatibu watu pale peke yake, akaambiwa atoe vitanda kabla ya Jumatatu. Baba akakohoa. Mama akamnyang'anya shemeji yake kikombe cha chai kabla hajamaliza kunywa.

Jumatatu lori la saruji likafika, likageuza papo hapo. Mlangoni palikuwa na ubao wa maandishi mekundu: KIPINDUPINDU. USIINGIE. Chini yake fuvu lililovaa miwani. Makuli hawakushuka. Baba Mdogo, aliyekuwa ameshika kitasa, alinawa mikono mpaka kipande cha sabuni kikaisha. Familia ilisikitika sana, hasa ilipokuwa ikicheka.

Ubao ukaachwa palepale, lori lisije likarudi, lakini wagonjwa nao wanajua kusoma. Tangu siku ile hakuna aliyeingia. Jana dada mmoja alifika na mtoto mgongoni, mtoto anachemka kwa homa. Akasoma ubao, akageuka. Muuguzi alitoka mbio kumfuata asimpate.

Wanaokukumbuka ni kaka yako mkubwa, yaani Baba, wifi yako, muuguzi wako, na Baba Mdogo, kwa shingo upande. Hatutakusahau maisha yetu yote, hata sisi tuliojaribu.

Na mimi, mtoto wa kaka yako. Mama amelitambua lile fuvu, maana aliwahi kuitwa shuleni kutazama jingine kama hilo kwenye mlango wa mwalimu wa bweni. Amesimama nyuma yangu sasa hivi, na anasema tangazo hili haliendi popote mpaka niandike yafuatayo kwa mkono wangu.

Ubao niliuchora mimi. Nilitaka kulifukuza lori, nikawafukuza wagonjwa wako. Ghalani hakuna kipindupindu. Ubao nimeuchoma, na muuguzi yupo.

Dada uliyegeuka na mtoto, popote ulipo, nisamehe. Mrudishe leo.