Kofia ya Kijani, Safu ya Kumi na Nne

Portland, 24 Aprili 2007

Kwa Bwana V.S., Yakima,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja: soma barua hii peke yako, na neno lake lolote lisimfikie mtu mwingine, hata kwa mzaha. Mimi ni karani wa gazeti la michezo uliloliandikia wiki iliyopita. Makarani tumekatazwa kutumia anwani za wasomaji. Nikijulikana, kazi sina.

Sasa salamu. Natumaini u mzima, na kwamba mgongo umepunguza kukusumbua, kama wewe ndiye ninayemdhania. Mimi sijambo, ila nina hofu.

Kazi yangu ni kufungua bahasha. Tangu tuwaulize wasomaji ni kipigo gani kilichoshangaza kuliko vyote katika mtoano wa mpira wa kikapu wa kulipwa, bahasha zinamiminika. Wengine wanaitaja New York ya mwaka 1999, iliyoingia mtoano kwa nafasi ya nane ikafika fainali. Wewe umetaja Seattle ya mwaka 1994: timu iliyoshinda mechi sitini na tatu, ikaongoza mbili kwa bila, kisha ikatolewa na Denver ya nafasi ya nane. Mpaka hapo, hoja yako ni kama za wenzako. Halafu ukaandika hivi: "Mechi ya tano hatukufungwa na Denver. Safu ya kumi na nne ya viti palikuwa na mtoto mwenye kofia ya kijani ya sufu. Aliambiwa akae nje, akarudi, na mkosi ukarudi naye."

Mhariri wetu, Bwana Fitch, alisikia habari za barua yako akacheka, anataka kuichapa ukurasa wa kwanza. Nimeificha kwenye droo yangu na kumwambia bado naitafuta.

Kofia ile aliifuma bibi yangu. Na herufi zako nazijua, hata tarakimu za saba unazozipiga mstari katikati. Nataka jibu moja tu: wewe ni baba yangu, Verle Sundby, au siye?

Mwanao, kama ndiwe,
Maren

*

Yakima, 27 Aprili 2007

Karani,

Salamu nimezipata. Mgongo wangu haukuhusu.

Ile barua niliiandikia gazeti, sikuiandikia droo yako. Itoe ichapwe. Hapa baa kuna wapuuzi wanasema Dallas ikitolewa na Golden State, ya Seattle yatasahauliwa. Nimewaambia Dallas ikifa itakuwa imepewa mechi saba za kujitetea. Sisi tulipewa tano, tukafia nyumbani, katika muda wa nyongeza, na yule mchezaji mrefu wa Denver akalala sakafuni amekumbatia mpira, anacheka. Hakuna aibu ya kulingana na hiyo, na sitaki kusikia kwamba ipo.

Unauliza mimi ni nani. Mimi ni mtu aliyekuwa safu ya kumi na nne. Mtoto alikwenda chooni, Seattle wakafunga. Akarudi, wakafungwa. Mara tatu. Shabiki yeyote mwenye akili angefanya nilichofanya. Nikamwambia kaa huko nje mpaka mechi iishe. Dakika za nyongeza nikageuka, nikaiona kofia inashuka ngazi. Mechi ilipoisha nikainuka, nikaondoka kwa mlango wa upande wa pili.

Usiniandikie tena.

Msomaji wenu,
V.S.

*

Portland, 30 Aprili 2007

Baba,

Hujambo? Naona hujambo, kwa sababu umeweza kugombana kurasa mbili.

Mimi hubishana kwa hesabu, kama ulivyonifundisha. Dallas wameshinda mechi sitini na saba mwaka huu, nne zaidi ya Seattle yako. Tangu jana Golden State wanaongoza tatu kwa moja. Niambie basi: huko Dallas ni mtoto wa nani aliyerudi kitini mapema?

Mimi sikurudi. Ulisema mpaka mechi iishe, na nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilikuwa nafanya unachosema. Nilisimama kwenye korido, mgongo ukutani, nikisikia kelele kupitia mlango. Kisha kelele zikakatika. Nikajua tumefungwa, nikaogopa kwamba utadhani ni mimi. Watu wakatoka wote. Mama mmoja wa usafi aliniuliza nimekuja na nani, akampigia simu mama yangu. Wewe hukurudi nyumbani siku ile wala nyingine yoyote. Viatu vyako vya kazi vilikaa mlangoni mpaka tulipohama.

Barua yako bado iko drooni. Bwana Fitch ameniuliza mara mbili leo, na mara ya pili hakutabasamu. Nakuomba tena usimwambie mtu.

Mwanao aliyekaa nje,
Maren

*

Yakima, 4 Mei 2007

Maren,

Sina salamu.

Jana nilitazama Dallas wakifa. Baa nzima ilinigeukia. Mmoja akaniambia, "Haya mzee, mpe Dallas taji lako la aibu, ukalale." Nikamwambia anyamaze, nikaimwaga bia yake mezani, wakanitoa.

Nimempelekea Fitch nakala mpya ya barua yangu, pamoja na zako zote mbili. Ajue ni nani ofisini kwake anayeficha barua za watu.

Na wewe uache uongo. Ulirudi. Niliiona kofia. Ikiwa hukurudi, basi mimi nilimwacha mtoto amesimama kwenye korido akinisubiri, kwa ajili ya mpira. Huwezi kuniambia hivyo baada ya miaka kumi na mitatu. Ulirudi, Maren.

Baba yako, kwa bahati mbaya,
Verle

*

Portland, 15 Mei 2007

Baba,

Natumaini unakula vizuri, na kwamba hiyo baa wamekufungulia tena mlango.

Bwana Fitch aliziweka barua zangu mezani, moja juu ya nyingine, akaniuliza kama ni mwandiko wangu. Nikasema ndiyo. Nikapewa mpaka saa sita mchana kuondoa vitu vyangu. Barua yako imechapwa Jumapili, ukurasa wa kwanza, kama ulivyotaka. Kwa hiyo sasa siogopi kufukuzwa, na ninaweza kukuandikia sawasawa.

Dallas wametolewa katika mechi sita bila mtu yeyote kukaa korido. Kipigo kipi ni kikubwa kuliko kingine nawaachia wapuuzi wa baa. Na kofia uliyoiona, ninaamini uliiona. Lakini siku ile ukumbi mzima ulikuwa umevaa kijani cha Seattle, Baba. Kulikuwa na watoto wangapi wenye kofia za kijani?

Sikuombi uombe radhi. Ukitaka kunipata, usiandike gazetini, watazitupa barua zako. Andika Sanduku la Posta 2216, Portland, jina liwe Maren Sundby, sijalibadilisha. Ukija mwenyewe, shuka kituo cha mabasi, pita daraja la chuma, hesabu nyumba saba mkono wa kushoto. Yangu ina mlango wa bluu. Jumamosi niko siku nzima. Kengele haifanyi kazi, gonga kwa nguvu.

Nitakuwa ndani. Sitakusubiri nje.

Binti yako,
Maren